Jalisco hadi Alaska na kurudi: shajara ya siku 250 ya mvumaji-kutu

Ndege huyu ana uzito wa gramu 3 hadi 4, pungufu ya sarafu nyingi zilizomo mfukoni mwako. Jina lake la kisayansi ni Selasphorus rufus. Ni mmoja wa ndege wadogo waitwao kwa Kiingereza hummingbird. Hapa tutamwita mvumaji-kutu: mvumaji kwa mvumo wa mabawa, kutu kwa rangi ya mgongo wa dume. Kila mwaka huzunguka Amerika ya Kaskazini magharibi kwa njia ya duara: hupanda kaskazini akifuata pwani ya Pasifiki, hushuka kusini akifuata milima. Hakuna mtu aliyewahi kuandamana na ndege mmoja mwanzo hadi mwisho wa njia hii, kwa hiyo shajara hii ni ya ndege wa kawaida, si wa fulani. Tarehe zimepangwa kulingana na majira ambayo jamii hii huonekana kila mahali. Mwaka wa baridi kali huzichelewesha kwa wiki moja au mbili.

Msomaji wa Afrika Mashariki asimchanganye na chozi wa bustanini. Chozi ni wa familia nyingine kabisa, na mara nyingi hukaa kwenye tawi anapofyonza mbochi, yaani maji matamu ya maua. Wavumaji wote ni wa mabara ya Amerika tu. Afrika hakuna hata mmoja.

Siku ya 1 (10 Februari). Milima ya Jalisco, Meksiko

Msitu wa misonobari na mialoni, mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, kama ule wa Sierra de Manantlán. Mvumaji-kutu ameshinda hapa tangu vuli, akila mbochi wa salvia na fuksia pamoja na vijidudu vidogo anavyovidaka hewani. Hapa yeye ni mdogo mbele ya wenyeji: kuna wavumaji wakubwa zaidi ambao hushika vichaka vyenye maua mengi, naye huiba pembeni au hushika vichaka hafifu.

Kabla ya kuondoka lazima amalize kubadilisha manyoya ya mabawa, kazi anayoifanya huku huku Meksiko. Madume hutangulia, majike hufuata wiki moja hadi tatu baadaye. Sababu ni ya kivita: dume anayefika mapema ndiye anayepata kichaka chenye maua, na asiye na kichaka hana mahali pa kuchezea jike.

Siku ya 14 (23 Februari). Jangwa la Sonora na kusini mwa California

Jangwani mwezi huu kuna kichaka kinachoitwa chuparosa (Justicia californica), chenye maua mekundu membamba, na baadaye kidogo ocotillo (Fouquieria splendens) huwasha ncha zake nyekundu juu ya fimbo za miiba. Ndizo stesheni za mafuta za mwanzo. Mvua za kipupwe zikikosa, chuparosa huchanua kidogo na ndege hulazimika kupita haraka akiwa na akiba ndogo.

Tazama mchana, si usiku. Huonekana wakipita chini-chini, juu kidogo ya vichaka, wakisimama kila penye rangi nyekundu. Kosa la watazamaji wengi eneo hili ni kumchanganya na mvumaji wa Allen (Selasphorus sasin), ambaye huzaa pwani ya California. Dume wa Allen ana mgongo wa kijani, wa kutu ana mgongo wa kutu; lakini madume wachache wa kutu nao wana kijani mgongoni, kwa hiyo mgongo peke yake hautoshi. Ushahidi wa kweli uko mkiani: kwa dume mzima wa kutu, unyoya wa pili kutoka katikati una pengo dogo karibu na ncha. Majike na vijana wa jamii hizi mbili huwezi kuwatenganisha kwa macho tu. Pimeni unyoya mkononi au andikeni "Selasphorus" mkaishia hapo.

Siku ya 31 (12 Machi). Pwani ya Oregon na Washington

Madume wa kwanza wamefika, na mkaranti wa porini wenye maua mekundu (Ribes sanguineum) umeanza kuchanua. Wiki chache zijazo utafuata Rubus spectabilis, rasiberi ya porini yenye maua ya waridi, inayopenda kingo za mito na maeneo yenye maji. Mimea hii miwili ndiyo barabara yenyewe. Ukitaka kujua mvumaji-kutu amefika wapi, usiangalie ramani, angalia mkaranti umechanua wapi.

Hatari ya sasa ni baridi. Usiku wa sakitu ndege huingia katika usingizi wa kuokoa nguvu: joto la mwili, ambalo kwa kawaida ni karibu nyuzi 40, laweza kushuka chini ya nyuzi 20, na mapigo ya moyo na pumzi hupungua mno. Alfajiri hujitetemesha mpaka joto lirudi, na hilo huchukua muda. Ukimkuta asubuhi amening'inia bila kujibu, usimshike. Mwache jua limfikie.

Wanaotundika chombo cha maji ya sukari wakati huu wafuate kipimo kimoja tu: kikombe 1 cha sukari nyeupe kwa vikombe 4 vya maji. Hiyo inakaribia utamu wa maua anayoyapenda. Asali haifai, kwa kuwa huchacha na kuotesha ukungu. Sukari ya kahawia ina madini yasiyomfaa. Rangi nyekundu ya duka haina kazi, chombo chenyewe kikiwa na doa jekundu kinatosha. Badilisha maji kila siku mbili au tatu kukiwa na joto, na usisubiri mpaka yapoteze uangavu. Safisha kwa maji ya moto na brashi. Kukiwa na baridi ya kugandisha, ingiza chombo ndani usiku na ukitoe kabla ya mapambazuko: ndege anayeamka kutoka usingizi ule anahitaji mlo wa kwanza mara moja.

Siku ya 60 (10 Aprili). British Columbia, Kanada

Majike wameanza kuingia. Dume hupanda angani, kisha hujirusha chini kwa mkunjo unaofanana na herufi J, mabawa yakilia kama filimbi ya chuma na manyoya ya mkia yakitoa sauti ya kutatarika anapofika chini. Anarudia mara kadhaa mbele ya jike mmoja, na mara nyingine mbele ya mtu aliyevaa kofia nyekundu.

Baadhi ya maeneo hayajachanua. Hapo ndege hutegemea kigogota mfyonza-utomvu, anayetoboa safu za matundu kwenye magome ili utomvu utoke. Utomvu una sukari, na wadudu hunasa humo. Mvumaji anapata vyote viwili kwenye shimo moja. Mvumaji mmoja aweza kulilinda gome zima kana kwamba alilitoboa yeye.

Kwa wafugaji: vihami vyekundu vya plastiki kwenye uzio wa umeme huua ndege hawa. Huvidhania maua, huchomeka mdomo, hupigwa na umeme. Tiba ni rahisi: vibadilishe kwa vyeusi, au vipake rangi nyeusi.

Siku ya 75 (25 Aprili). Kusini mwa Alaska

Mwisho wa njia ya kupanda. Jamii hii huzaa mpaka karibu latitudo 61 kaskazini, kwenye Ghuba ya Prince William, na hakuna mvumaji mwingine anayezaa kaskazini kiasi hicho.

Tupige hesabu. Kutoka Jalisco mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 5,500 kwa mstari ulionyooka. Ukigawa kwa siku 75 unapata kama kilomita 75 kwa siku, yaani saa mbili za kuruka kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Wanaomsifu mvumaji-kutu kwa mbio husahau jambo hili: sehemu kubwa ya safari yake ni kukaa tawini na kula. Njia yote imegawanywa na maua, si na kilomita.

Siku ya 90 (10 Mei). Kiota

Jike hujenga peke yake, mara nyingi kwenye tawi la chini la msprusi au msonobari, mahali palipofunikwa na matawi ya juu yanayozuia mvua na baridi. Ndani ni manyoya laini ya mimea, kuta ni kuvumwani, nje ni magamba ya kijivu yaotayo kwenye magome. Vyote vimeshikizwa kwa utando wa buibui, unaokiwezesha kiota kutanuka vifaranga wanapokua. Mayai ni 2. Dume hana mchango wowote, yuko bondeni akigombania kichaka.

Wakati huo huo, kusini zaidi kwenye Milima ya Rocky ya Alberta, madume wa jamii hii ndio waliofanyiwa jaribio lililochapishwa mwaka 2006. Watafiti waliweka maua 8 ya bandia: nusu yalijazwa tena dakika 10 baada ya kunywewa, nusu dakika 20. Ndege walijifunza kurudi kwa kila kundi kwa muda wake. Kumbe kichwani mna daftari la ua lipi limenywewa na lini. Bila daftari hilo, mwenye vichaka vyenye mamia ya maua angepoteza nguvu nyingi kwa kuzungukia vikombe vitupu.

Siku ya 106 (26 Mei) na siku ya 127 (16 Juni)

Mayai huanguliwa baada ya siku 15 hadi 17. Vifaranga huruka wakiwa na wiki tatu hivi. Mama hulisha zaidi vijidudu vilivyochanganywa na mbochi, kwa kuwa mwili haujengwi na sukari. Dawa za wadudu zikinyunyizwa karibu na kiota huua kwa njaa hata pasipo sumu kumgusa ndege.

Siku ya 139 (28 Juni). Chenega Bay, Alaska

Siku hii mwaka 2010 alinaswa hapa jike mwenye pete mguuni. Pete hiyo ilikuwa imefungwa Tallahassee, Florida, tarehe 13 Januari mwaka huo huo, siku 166 nyuma yake. Umbali kati ya vituo hivyo ni zaidi ya kilomita 5,600. Rekodi ile ilithibitisha kwamba ndege wanaokaa kipupwe kusini mashariki mwa Marekani si wapotevu wa kufa tu; wanaweza kurudi kuzaa Alaska.

Pete yenyewe ni ukanda wa aluminiamu wa milimita chache tu, wenye herufi moja na tarakimu tano, na mfungaji mwenyewe ndiye anayeukata na kuukunja. Ndege hunaswa kwa kizimba kinachozunguka chombo cha sukari: akiingia, mlango huangushwa. Kisha hupimwa uzito, na manyoya ya tumbo na koo hupulizwa kwa mrija ili mafuta yaonekane chini ya ngozi, ambayo ni nyembamba kiasi cha kuyaonyesha. Hii si kazi ya kujaribu nyumbani. Inahitaji kibali na mafunzo, kwa kuwa mguu unavunjika kwa kosa dogo.

Siku ya 151 (10 Julai). Kugeuka

Madume wameshaondoka, na wengine waliondoka tangu mwisho wa Juni. Majike hufuata, vijana mwisho. Kijana wa mwaka huu huondoka bila mzazi wa kumwonyesha njia.

Kwa nini wasirudi na ile ile ya pwani? Kwa sababu maua ya pwani ya chini yameshapukutika, hali theluji ya milimani ndiyo kwanza imeyeyuka na nyanda za juu zinachanua. Baadhi hushuka kwa Milima ya Rocky, wengine kwa Cascade na Sierra Nevada. Katika Colorado hufika mwanzoni mwa Julai na kukuta mvumaji mwenyeji mwenye mkia mpana, Selasphorus platycercus. Methali ya "mgeni njoo mwenyeji apone" haina kazi hapa: mgeni humfukuza mwenyeji kwenye maua bora, ingawa miili yao inakaribiana.

Siku ya 166 (25 Julai). Sierra Nevada, upande wa mashariki

Hapa tukae siku kumi, maana kituo hiki kimechunguzwa kwa makini, na ndicho kinachoeleza safari yote. Miaka ya 1980 watafiti waliondoa vitulio wanavyopenda ndege na kuweka mahali pake mizani midogo yenye kijiti. Ndege akaendelea kutua pale pale, akijipima mwenyewe mara kwa mara mchana kutwa bila kushikwa.

Anafika akiwa na gramu 3 na kitu, mafuta yamekwisha. Uwanda umejaa Castilleja, maua ya mirija mekundu. Mahali pazuri pana mwenyewe. Mgeni huzungukazunguka, huiba, hufukuzwa, mpaka apate pengo lake.

Siku ya 167

Ana milki. Ukubwa wake kwa mita si muhimu: penye maua mengi hulinda kipande kidogo, penye maua haba hulinda kikubwa, lakini idadi ya maua hukaribiana. Angalia anavyokula. Asubuhi huanza na maua ya pembezoni, yale ambayo wezi hufikia kwanza. Akiyamaliza, mwizi anayekuja hapati kitu na hana sababu ya kurudi. Maua ya katikati, yaliyo salama, huyaacha kwa baadaye mchana.

Siku ya 168 na 169

Uzito hausogei sana. Siku za mwanzo huwa hivi, na mtazamaji asiyejua hudhani mahali hapa ni pabaya. Ndege hurekebisha mipaka kila siku: akiongeza eneo mno, muda wote huishia katika kufukuza wezi, akipunguza mno, mbochi hautoshi. Milki ya kati ndiyo inayomnenepesha haraka, na ndege huitafuta kwa kujaribu, siku hadi siku.

Siku ya 171

Usiku wa baridi. Ungetegemea kwamba anayelala ule usingizi wa kuokoa nguvu ni yule aliyekonda tu. Sivyo. Hata ndege mwenye akiba nzuri huingia usingizini wakati wa safari, ili mafuta aliyokusanya mchana yasichomwe usiku. Ni sawa na dereva wa lori kuzima injini anapolala.

Siku ya 173

Sasa uzito unapanda kwa kasi. Mzani wa jioni unazidi wa asubuhi kwa tofauti ya wazi, na asubuhi hapotezi sana.

Siku ya 175 (3 Agosti)

Mzani unakaribia gramu 5. Anaondoka, na milki yake haikai tupu siku nzima.

Gramu moja ya mafuta ina karibu kilojuli 38. Akiwa amebeba gramu moja na nusu, ana akiba ya kuvuka jangwa au bonde kavu la mamia ya kilomita bila ua hata moja. Akifukuzwa na ukame akiwa na nusu ya hiyo, atatua mahali pabaya zaidi na kuanza upya akiwa amekonda zaidi. Hivi ndivyo safari inavyoshindikana: mara nyingi si kwa dhoruba, ni kwa kituo kimoja kilichokauka.

Siku ya 200 (28 Agosti). Karibu na Flagstaff, Arizona

Kwenye Fern Mountain kuna Ipomopsis aggregata, ua jekundu la mirija. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba wavumaji wanapoanza kuondoka eneo hilo, mimea hii huanza kutoa maua ya rangi hafifu zaidi, waridi hadi meupe. Mchavushaji aliyebaki ni nondo, na nondo huona vyema ua jeupe gizani. Mmea nao una kalenda ya ndege.

Siku ya 228 (25 Septemba). Njia panda

Madume wako Meksiko zamani. Vijana bado wanapita kusini mwa Arizona na New Mexico. Sehemu ndogo huelekea mashariki, mpaka pwani ya Ghuba ya Meksiko: Louisiana, Alabama, Florida. Wanaopenda ndege huko huambiwa mara kwa mara waondoe vyombo vya sukari vuli "ili ndege asikwame". Ni dhana potofu. Kinachomwondosha ni urefu wa mchana na mwili wake mwenyewe, si chombo. Anayekaa kipupwe huko alikuwa anakuja huko, na baadhi wenye pete wamerudi kwenye bustani ile ile mwaka baada ya mwaka.

Tuseme pia lililo baya. Idadi ya jamii hii imeshuka kwa zaidi ya nusu tangu miaka ya 1970, na mwaka 2018 iliingizwa katika kundi la zinazokaribia kuwa hatarini. Ndege huyu hupenda msitu mchanga na kingo zilizo wazi, penye vichaka. Palipokatwa miti kisha vichaka vikapigwa dawa ili misonobari ya biashara ikue peke yake, mkaranti haupo tena. Joto nalo huwahisha kuchanua, na ndege anayeongozwa na urefu wa mchana hujikuta akifika maua yakiwa yameshapita.

Siku ya 250 (17 Oktoba). Jalisco

Dume mzima yuko kwenye kichaka hafifu, pembeni mwa wakubwa. Manyoya yamechakaa, ncha za mabawa zimeliwa na upepo wa nchi tatu. Ataanza kuyadondosha moja moja, kwa mpangilio, pande zote mbili sawasawa, ili aendelee kuruka wakati mapya yanaota. Vijana wa kiume, waliofika na koo lenye madoa machache tu, huotesha hapa koo jekundu la shaba. Yakikamilika itakuwa Februari.